Uzi wa Maji

Kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka, ua wa nyumba ile ulikuwa umeshaanza kelele zake. Tezo iligonga jiwe, tupa ilikwaruza, maji yalimwagwa juu ya msasa ili vumbi lisiruke na kuingia vifuani mwa watu. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na ukuta, kiboko wa jiwe mapajani, akimchonga masikio. Babu alikaa kivulini kando ya pipa la maji, akisuuza mawe mapya. Kaka mtu, ambaye wote walimwita Kobe kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kufanya jambo kwa haraka, alikuwa akisugua bakuli lile lile alilolisugua tangu juzi.

Naye Cherehani alikuwa anatafuta kiatu cha pili.

Jina hilo alipewa na Babu. Alisema mjukuu huyu hata akikaa, miguu yake chini ya meza inaendelea kukanyaga tu, kama fundi aliyeahidi magauni kumi kwa siku moja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Ataanza kufagia, aache katikati akalishe kuku, awaache kuku akaangalie nani anapiga kelele barabarani, kisha ashangae kwa nini ua haujafagiliwa. Si kwamba alikuwa mvivu. Mvivu hukaa, Cherehani hakai.

"Kiatu kiko juu ya jiwe lako," Mama alisema bila kuinua macho. "Ulikivua jana ulipopanda kuchungulia kwa jirani."

Jiwe lake! Kusikia maneno hayo tu, moyo ulimruka.

Kuchonga jiwe la sabuni ilikuwa kazi ya ukoo. Babu alifundishwa na mama yake, mama yake alifundishwa na baba yake, na nyuma ya hapo walikuwapo wengine ambao majina yao yalishasahaulika lakini mikono yao haikusahaulika. Jiwe lenyewe ni laini. Likilowa huteleza mkononi kama kipande cha sabuni, ndiyo maana likaitwa hivyo. Watu wengi wa mtaa ule walichonga wanyama na mapambo. Nyumba hii ilichonga hivyo pia, lakini sifa yake ilikuwa vyungu vya kupikia. Chungu cha jiwe kikishashika moto hakiachi upesi, na maharage ya mchana hukutwa jioni bado yana mvuke.

Kila mtoto wa nyumba ile akifika miaka kumi na miwili huchonga chungu chake cha kwanza, mwanzo hadi mwisho, bila mkono wa mtu mwingine. Kikikamilika, Babu hukipindua na kuchonga kwenye kitako alama ya ukoo, mstari uliopinda na nukta mbili chini yake. Siku hiyo mtoto hukabidhiwa tezo na tindo zake mwenyewe, na kuanzia hapo huhesabiwa kuwa mchongaji. Kobe alipata alama yake mwaka uliopita, baada ya miezi mitatu. Cherehani alikuwa ametangaza, tena kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, kwamba yeye atamaliza kwa wiki tatu.

Na chungu chake kilikuwa na mwenyewe tayari. Pale kwenye kona ya barabara palikuwa na mkahawa mdogo wa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye mtoto wa miaka miwili. Mtoto huyo alikuwa akiwanyooshea wateja kidole na kuwaamrisha wakae, wale, waondoke, hata wakamwita Bosi. Hivyo mama yake naye akawa Mama Bosi. Alitaka chungu kikubwa cha maharage, akasikia Cherehani anaanza, akasema, "Mimi nitachukua hicho hicho cha kwanza. Cha kwanza kina baraka."

Sasa, nyumba ile ilikuwa na sharti moja lisilovunjwa. Kabla jiwe halijaguswa na tezo, hulazwa ndani ya pipa la maji siku nzima. Kisha hutolewa na kuwekwa kivulini, na yule atakayelichonga hukaa mbele yake akilitazama linavyokauka. Hakuna kusoma, hakuna kula, hakuna kupiga soga. Jiwe lenye ufa ndani lina siri yake. Uso wake wote hukauka na kuwa mweupe, lakini penye ufa maji hubaki, yakachora uzi mwembamba mweusi. Uzi huo hukaa dakika chache tu, kisha nao hukauka. Ukigeuza shingo, umeukosa. Chungu kikishamalizika hulazwa tena majini na kutazamwa tena, mara ya pili na ya mwisho. Kazi hiyo waliiita kuliuliza jiwe. Baadaye Babu huuliza swali moja tu, "Jiwe limesemaje?" Ukijibu halina neno, yamekwisha. Hakagui, wala harudii kuuliza.

Jioni ile, baada ya shule, Cherehani alilitoa jiwe lake pipani, alikolilaza asubuhi, akaliweka chini ya ukingo wa paa, akakaa.

Akajikuna goti. Akahesabu kuku. Jiwe bado lilikuwa jeusi kwa maji. Akajikuna goti la pili ili lisione wivu. Kwake yeye saa nzima ya kutazama jiwe haikuwa kazi, ilikuwa adhabu. Mara akasikia barabarani kishindo, kisha vicheko. Lori la magodoro lilikuwa limefunguka nyuma, na magodoro yalikuwa yakidondoka moja moja, huku watoto wakiyarukia.

"Naangalia mara moja tu," alijiambia.

Ile mara moja ikawa godoro la kwanza, na la pili, na la saba. Aliporudi akihema, jiwe lilikuwa limekauka lote, jeupe kama unga.

"Jiwe limesemaje?" Babu aliuliza kutoka kwenye kigoda chake. Mikono yake, ambayo siku hizi ilikuwa ikitetemeka, alikuwa ameibana katikati ya magoti.

Ingekuwa rahisi kusema, "Babu, sikuliona, nalirudisha pipani." Lakini kulirudisha ni siku nyingine nzima ya kulowa, na saa nyingine ya kukaa. Isitoshe, Kobe alikuwa kwenye kona yake, masikio yamemsimama.

"Halina neno, Babu."

"Haya. Anza kazi."

Akaanza. Na hapa lazima tumpe haki yake, maana alifanya kazi kweli kweli. Kila siku baada ya shule alilitengeneza jiwe kwa nje kwa tezo, akalitoboa kwa ndani kwa tindo, akakwangua kuta kwa kisu kilichopinda mpaka unene wake ukalingana kote. Alijikata vidole viwili. Alisahau kwenda kucheza. Miguu yake ilitulia, walisema watu. Hapana, tusimsingizie, haikutulia, lakini mikono iliishinda. Siku ya ishirini chungu kilikuwa kimekamilika. Kilikuwa cha mviringo mzuri, mdomo wake umepinda kidogo kwa nje, na ukikipapasa hutaki kuondoa mkono.

Kikalazwa majini. Siku iliyofuata, Mama akiwa sokoni, Babu amelala ndani na Kobe yuko kisimani, Cherehani alikitoa, akakaa mbele yake. Safari hii hata magodoro mia yangedondoka asingeondoka. Ni chungu chake, alikuwa anakipenda, alitaka kukiangalia tu. Kilikauka mdomoni. Kikakauka ubavuni. Kisha, kutoka mdomoni kushuka hadi karibu na kitako, ukabaki uzi mmoja mweusi, mwembamba kama unywele.

Alikodoa macho. Uzi haukuondoka. Alikigeuza chungu, akachungulia ndani. Na ndani ulikuwapo, mahali pale pale.

Wiki tatu! Vidole viwili! Na Kobe atacheka mpaka mwaka ujao. Uzi ulianza kufifia, kisha ukatoweka, na chungu kikabaki cheupe, kizuri, bila doa. Asingeuona mtu mwingine yeyote. Na shuleni mwalimu alikuwa amewaandikia ubaoni methali wiki ile ile: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi yeye ataziba! Alichukua gundi ambayo Mama hubandikia soli za viatu, akaichanganya na unga wa jiwe, akaisindilia kwenye ule ufa kwa ncha ya kisu. Ilipokauka akasugua kwa msasa wa maji, akapaka mafuta. Hata yeye mwenyewe alipokitazama hakuona kitu.

Jioni walikuwapo wote. Baba, aliyekuwa akifanya kazi machimboni wiki nzima, peke yake ndiye hakuwapo.

"Jiwe limesemaje?"

"Halina neno, Babu."

Sauti ilimtoka nyembamba, lakini hakuna aliyeijali kwa sababu wote walikuwa wakitabasamu. Babu alikipindua chungu mapajani, akaanza kuchonga alama. Mikono ilimtetemeka, ikabidi apumzike mara mbili. "Alama yangu siku hizi inatembea kama mlevi," alisema, na wote wakacheka. Cherehani alicheka pia, akiwa amechelewa kidogo. Kisha akakabidhiwa tezo na tindo ambazo mipini yake ilikuwa imelainishwa na kiganja cha mama yake Babu, na Mama akampigia vigelegele.

Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu ajue kuongea. Sasa imefika, na hakuwa na furaha hata chembe.

Siku ya Jumatano Mama Bosi alikuja kuchukua mali yake. Babu alimkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. "Kimeiva. Hata leo kipeleke motoni," alimwambia.

"Nitakibandika Jumamosi, mje wote mle," Mama Bosi alijibu, akakikumbatia chungu kama mtoto mchanga.

Kuanzia hapo Cherehani hakupata raha. Darasani aliandika jibu la hesabu kwenye daftari la sayansi. Alisimama bila kuitwa, akaketi bila kuambiwa. "Una nini wewe, umekalia siafu?" mwalimu aliuliza, na darasa zima likaangua kicheko. Nyumbani chakula hakikupita. Alikuwa kila mara akienda mlangoni, akifika hajui alichofuata, anarudi.

Siku ya Alhamisi, wakitoka shule, alijitia hamnazo akamuuliza kaka yake, "Hivi Kobe, chungu kikiwa na ufa, lakini mdogo sana, kikawekwa motoni, kinakuwaje?"

Kobe aliwaza hatua kumi nzima kabla ya kujibu. "Jiwe likipata moto linatanuka. Ufa nao unatanuka. Linaweza kukaa leo, kesho likapasuka. Au likapasuka leo leo."

"Na kama ufa umezibwa?"

"Umezibwa na nini?"

"Na gundi, tuseme."

"Gundi ikiona moto inakimbia. Chungu kinafunguka, na yaliyochemka yote yanamwagikia aliyekaa karibu." Alimtazama. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu. Kuuliza ni kosa?" alifoka, akatangulia mbio, akamwacha Kobe nyuma akitafakari.

Aliamua atasema. Atamwambia Babu leo. Kisha akasema hapana, kesho asubuhi. Asubuhi Babu alikuwa akimsimulia mteja jinsi mjukuu wake wa kike alivyochonga chungu cha kwanza kwa wiki tatu, na uso wake ulikuwa umenawiri kweli kweli. Cherehani alichukua mkoba akaondoka bila hata kunywa chai. Jumamosi bado, alijifariji. Nina leo nzima.

Ijumaa hiyo alasiri, akipita kwenye kona, alisikia mlio. Bwe! Bwe! Bwe! Bosi alikuwa ameketi chini nje ya mkahawa, mwiko mkononi, akikipiga chungu. Wateja wawili na fundi wa baiskeli walikuwa wakimpigia makofi. Chungu kizima ukikigonga hulia kwa kuvuma, sauti ikakaa hewani. Hiki kilikuwa kikilia kama debe lililojaa mchanga. Wote pale walisikia ngoma ya mtoto. Cherehani peke yake alijua kinachosema.

"Karibu, mchongaji!" Mama Bosi aliita kutoka ndani, akipepea jiko la mkaa. "Umekuja wakati wake. Nimeshindwa kungoja kesho."

"Shikamoo, Mama Bosi. Lakini... si ulisema Jumamosi?"

"Marahaba, mwanangu. Jumamosi ni mbali. Kila nikipita, chungu kinaniangalia. Nikasema, aa, leo leo." Alimpokonya Bosi ngoma yake, akamimina maharage yaliyolowekwa na maji, akakiinua chungu, akakitua juu ya mafiga ya jiko. Mkaa ulikuwa umeanza kushika pembeni. Bosi, baada ya kunyang'anywa, alivuta kistuli chake hadi pale alipopapenda kuliko pote, ubavuni mwa jiko, akaketi.

"Babu alisema kikae kwanza," Cherehani alijaribu. "Kikae wiki moja."

Mama Bosi alicheka. "Babu yako yupi? Huyu aliyeniambia mbele yako nikipeleke motoni hata siku ile ile? Au wewe una babu mwingine?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Cherehani ilikuwa imeishia pale pale jikoni. Alitazama mkaa. Wekundu ulikuwa ukisogea kutoka kipande hadi kipande. Alimtazama Bosi, miguu yake mifupi imening'inia kutoka kwenye kistuli, vidole vyake shibiri moja kutoka jikoni. Wateja walikuwa wakimwangalia yeye sasa. Aliona haya kiasi cha kutamani ardhi immeze.

"Kiondoe," alisema. Haikusikika. "Mama Bosi, kiondoe! Kina ufa! Niliuona, nikauziba kwa gundi!"

Fundi wa baiskeli aliacha kutafuna. Kwanza Mama Bosi alimnyakua Bosi kutoka kwenye kistuli, akampa mteja aliyekuwa karibu. Kisha akachukua vitambaa, akakiepua chungu, akakiweka sakafuni mbali na watu.

"Uliuona lini?"

"Kabla hujakichukua."

"Babu yako anajua?"

Cherehani alitikisa kichwa.

"Basi twende akajue." Alimwaga maharage kwenye sufuria, akampa chungu kitupu, kizito, chenye joto kidogo. "Kibebe. Umekichonga wewe."

Ilikuwa njia fupi, lakini siku hiyo ilirefuka. Watu waliompongeza Jumatano waliuliza, "Mbona kinarudi?" Mama Bosi, aliyekuwa akitembea nyuma na Bosi kiunoni, hakumjibia. Ilibidi Cherehani aseme mwenyewe, mara tatu, kwa watu watatu. "Kina ufa." Kila alipolisema neno hilo lilimtoka kwa urahisi zaidi kidogo, ingawa machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka shingoni.

Babu alisikiliza yote. Magodoro, uzi, gundi. Alipomaliza kusikiliza, alinyoosha mikono, akakipokea chungu, akakipapasa mdomo hadi kitako.

"Wapi?"

Cherehani alimwonyesha. Babu alikileta karibu na macho, akakipeleka mbali, akakirudisha tena karibu.

"Sioni kitu."

"Ni kwa sababu nimeuziba, Babu."

"Hata usingeuziba." Alikitua chungu mapajani. "Huu mwaka wa pili siuoni tena uzi wa maji. Siuoni kwenye jiwe lako, wala la kaka yako, wala la mama yako. Ninapouliza jiwe limesemaje, mlidhani nawapima? Nauliza kwa sababu sijui."

Mama aliweka kiboko wake chini. Ilikuwa wazi kwamba hata yeye hakuwa akijua. Kobe, ambaye hushangaa polepole kama anavyofanya mambo mengine, alibaki mdomo wazi.

Cherehani alitamani apasuke yeye badala ya chungu. Mzee huyu alikuwa akiyategemea macho ya mjukuu wake, naye mjukuu akayatumia kutazama magodoro. "Nisamehe, Babu," alisema akilia. "Nilidhani... Mwalimu alisema usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Ukuta hauinjikwi jikoni, mjukuu wangu."

Mama Bosi alikuwa amekasirika kweli, lakini hapo kicheko kilimponyoka, ikabidi ageuze uso.

"Nenda kalete tindo," Babu aliagiza.

"Ipi, Babu?"

"Yako."

Aliileta. Babu alikipindua chungu, akaanza kuikwangua ile alama aliyoichonga siku chache zilizopita. Mkono ulimtetemeka. Tindo ilikuwa ikiteleza, akairudisha, ikateleza tena.

"Babu, nipe nikusaidie."

"Alama niliiweka mimi, kwa neno lako. Kuiondoa ni kazi yangu. Wewe kaa hapo."

Akakaa. Nukta ya kwanza iliondoka, kisha ya pili, kisha ule mstari uliopinda, kidogo kidogo, unga mweupe ukianguka kwenye suruali ya mzee. Ilichukua muda mrefu sana. Kobe aliapa baadaye kwamba alichungulia miguu ya dada yake mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa imetulia.

Kitako kilipobaki kitupu, tindo na tezo zilirudishwa rafuni. Chungu kilipewa kazi ya kunyweshea kuku, na Cherehani ndiye aliyekijaza kila asubuhi.

Baba aliporudi kutoka machimboni alileta jiwe jingine. Likalala majini siku nzima. Cherehani alilitoa, akakaa mbele yake. Barabarani walipita watu na ngoma, sijui harusi, sijui matangazo ya duka. Alijikuna magoti yote mawili lakini macho hayakuondoka. Jiwe lilikauka, na kwenye pembe ukabaki uzi.

"Lina ufa, Babu," alisema, na moyo ukamwuma, maana lilikuwa jiwe zuri.

Wakangoja wiki nyingine. Jiwe la pili nalo, uzi, mfupi sana, nusu ya kidole. Alimwita Babu, akakishika kidole chake na kukipitisha juu ya mstari ule kabla haujakauka. "Hapa unaanzia. Hapa unaishia."

"Mdogo," Babu alisema.

"Mdogo, lakini upo."

Jiwe la tatu lilikauka lote bila kuacha kitu. Safari hii hakutangaza wiki. Ilimchukua miezi miwili, na siku ya mwisho alikiuliza chungu kwa saa nzima, halafu akakirudisha majini na kukiuliza upya kesho yake, kwa hiari yake. Kisha Babu akachonga alama, nayo ikatembea kama mlevi vile vile.

Siku ya kukibandika walikwenda wote, pamoja na Baba. Mama Bosi alimimina maharage, akapepea mkaa. Bosi akavuta kistuli chake mahali pake pa siku zote. Mama yake alimtazama, kisha akamtazama Cherehani.

"Nimwondoe?"

Watu wote wa mkahawa waligeuka. Cherehani alihisi joto likimpanda usoni, lakini hakutazama chini.

"Mwache akae," alisema.

Moto ulishika. Maji yakaanza kuimba, yakachemka, povu likapanda na kushuka. Chungu kilikaa kimya juu ya moto, kizima. Cherehani alikuwa ameshika ukingo wa meza, akauachia.

Babu, aliyekuwa akisikiliza kuchemka kwa maharage kama mtu anayesikiliza habari njema, ndipo aliposema. "Ufa wa jiwe si kosa la mtu yeyote. Jiwe limezaliwa nao. Lakini ukishauona ukanyamaza, si wa jiwe tena, ni wako. Na kila atakayekaa karibu na chungu hicho, wewe ndiye uliyemkalisha hapo. Kwa hiyo sema. Sema mapema, na kama umechelewa, sema hivyo hivyo umechelewa. Utaona aibu, ndiyo. Aibu inachoma. Lakini aibu haijawahi kumuunguza mtoto wa mtu."

Mama Bosi alipakua sahani ya kwanza, akamwekea Cherehani mbele. Bosi alimnyooshea kidole.

"Kula!" aliamrisha.

Akala.